Fomu ya afya ya chuo: usinunue muhuri, usiuze siri yako

Msimu wa udahili ukikaribia, barua za aina hii hazikosekani. Ya safari hii imetoka kwa mama mmoja wa Olasiti, Arusha. Binti yake amepata nafasi ya kusomea uuguzi. Fomu ya afya inadai damu, mkojo, choo, picha ya kifua, kipimo cha mimba, kipimo cha VVU na uthibitisho wa chanjo ya homa ya ini B. Kijana wa steshenari walikochapisha fomu amewaambia wasihangaike na foleni ya hospitali: kwa shilingi elfu ishirini, jioni inarudi imejazwa, ina sahihi na muhuri. “Mtoto ni mzima,” anaandika. “Kuna ubaya gani?”

Upo, mama, tena mkubwa. Fomu yenye majibu ya vipimo ambavyo havikufanyika ni hati ya kughushi. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, haimshiki aliyeghushi peke yake. Anayeiwasilisha huku akijua ni ya uongo naye ana kosa lake. Na jina lililo juu ya fomu ni la binti yako. Kishoka huyo wa steshenari hakuandika jina lake popote wala hakutoa risiti. Chuo kikigundua, hata mwaka wa mwisho, anayefukuzwa ni mwanafunzi. Kishoka yuko palepale anahudumia mteja mwingine. Kama ni mtumishi wa hospitali anayetaka “chochote” ndipo agonge muhuri, hiyo ni rushwa chini ya sheria ya mwaka 2007. Pigia TAKUKURU, namba 113, bure.

Chanjo ndiyo inayowaumbua wengi. Homa ya ini B kwa mtu mzima ni dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, ya tatu mwezi wa sita. Kadi yenye dozi zote tatu ndani ya wiki mbili haihitaji mpelelezi. Aliyepata ya kwanza tu aiombe ofisi ya chuo, kwa maandishi, imruhusu kuanza masomo huku akikamilisha. Lakini kabla ya kulipa, pekua sanduku uitafute kadi ya kliniki ya utotoni. Tanzania iliingiza chanjo hii katika chanjo za watoto mwaka 2002. Binti aliyezaliwa baada ya hapo huenda alishachanjwa akiwa mgongoni mwako. Mganga aione kadi, ndiye aamue kama kuna haja ya kumwongezea.

Chanjo hiyo kwa muuguzi mwanafunzi naiunga mkono bila kusita, kwa sababu atashika sindano na damu za watu. Picha ya kifua kwa wanaokwenda kulala mabwenini nayo ina maana. VVU ni habari nyingine. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008, kifungu cha 15, inasema mtu asilazimishwe kupima, na sheria hiyohiyo inakataza kumnyima mtu nafasi katika taasisi kwa sababu ya hali yake. Kupima ni jambo jema, na majibu ni ya aliyepima, si ya karani wa usajili.

Mtego uko chini ya fomu, pale penye maandishi madogo: “Nakubali majibu yangu yawasilishwe chuoni.” Vijana husaini bila kusoma. Kabla ya kusaini, kata mstari unaohusu VVU na uweke sahihi pembeni. Mwombe daktari aandike hitimisho tu, kwamba unafaa kuendelea na masomo, kisha fomu iwekwe kwenye bahasha iliyofungwa, iandikwe kwa mganga wa chuo. Baki na nakala. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti na kutaka ridhaa ya maandishi. Fomu za wanafunzi zikiachwa wazi kaunta, malalamiko yapelekwe Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Ila nisiwadanganye: ridhaa hiyo ni ya jina tu. Binti aliyepanga foleni ya usajili, ameshalipa ada, nyuma yake wako mia, atakataa vipi? Sheria inadai ridhaa bila kuuliza kama mtu ana njia ya kukataa. Kipimo cha mimba ni kibaya zaidi. Mwaka 2022 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto iliitaka Tanzania ikomeshe kuwapima wanafunzi mimba kwa lazima, lakini uamuzi huo unawahusu walio chini ya miaka 18. Binti wa miaka 19 ni mtu mzima anayepiga kura, na bado fomu inamuuliza tumbo lake lina nini. Wanaosimamia vyuo, TCU na NACTVET, watoe fomu moja kwa vyuo vyote, isiyo na mistari hiyo miwili, wa VVU na wa mimba.

Mama, mkikataliwa, daini sababu kwa maandishi. Maofisa wengi hulegea hapo, maana hakuna anayetaka kuandika “amekataa kupima VVU” na kutia sahihi yake. Akiandika, ichukueni barua hiyo hadi Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Kina ofisi Arusha.