Haki, Kiasi na Hukumu Mbele ya Feliki

JUMANNE

Soma Matendo 24:22-27. Ni nani aliyeomba mazungumzo haya, na Paulo alizungumzia mambo gani?

Siku chache baada ya kesi kuahirishwa huko Kaisaria, liwali Feliki alimwita mfungwa wake aje aeleze habari za imani katika Kristo. Mkewe, Drusila, alikuwa pamoja naye. Drusila alikuwa Myahudi, binti wa Herode Agripa wa Kwanza, yule aliyemwua Yakobo kwa upanga (Mdo 12:1, 2). Mwanahistoria Josephus anasimulia kwamba aliolewa kwanza na mfalme wa Emesa, kisha Feliki akamshawishi amwache mumewe na kuolewa naye.

Paulo alikuwa na kila sababu ya kutumia maneno matamu, maana uhuru wake ulikuwa mikononi mwa mtu huyo. Tertulo, msemaji wa washtaki wake, alikuwa ameanza hotuba yake kwa kumsifu liwali (Mdo 24:2, 3). Paulo hakufuata njia hiyo. Alizungumza juu ya haki mbele ya mtawala aliyetazamia rushwa, juu ya kiasi mbele ya wana ndoa hao, na juu ya hukumu mbele ya mtu aliyezoea kuwahukumu wengine.

Hata hivyo, Luka hasemi kwamba Paulo aliwashambulia au kuwaaibisha. Anasema alitoa hoja, akitumia neno la Kiyunani lile lile linaloeleza jinsi Paulo alivyojadiliana na watu katika sinagogi la Thesalonike (Mdo 17:2). Aliiweka kweli wazi, na Feliki akashikwa na hofu.

Soma 1 Wakorintho 5:9-13. Kwa nini Paulo alikataa kuwahukumu watu walio nje ya kanisa?

Mtume aliyeliagiza kanisa kumrudi mshiriki aliyeanguka katika uasherati alisema pia kwamba walio nje watahukumiwa na Mungu. Nidhamu ya kanisa ni ya wale walioingia katika agano. Asiyemwamini Kristo hawezi kudaiwa matunda ya mti ambao haujapandwa moyoni mwake. Ndiyo maana mbele ya Feliki mafundisho juu ya maadili yalitolewa ndani ya somo la imani katika Kristo. Kumwambia mtu awe na kiasi bila kumwonyesha Mwokozi ni kumwongezea mzigo. Lakini kunyamaza anapouliza ni kumnyima nafasi ya kutubu.

Kuna jambo jingine katika fungu la 26. Feliki alitumaini kupewa fedha, akawa anamwita Paulo mara kwa mara. Miaka 2 ikapita, na Paulo akaachwa kifungoni. Kama angenunua uhuru wake, hotuba yake juu ya haki ingepoteza nguvu siku ile ile. Kila mara alipoondoka bila kutoa kitu, liwali aliona haki ikitendwa na mtu aliyeihubiri. Ndivyo ilivyo hata leo. Mfanyakazi asiyeamini anayemwona Mwadventista akitoa “chai” ili faili lake lishughulikiwe haraka hatasikia tena anachosema juu ya Amri Kumi.

Maandiko hayasemi kwamba Feliki aliongoka. Aliahirisha mpaka atakapopata nafasi. Kazi ya Paulo ilikuwa kusema kweli kwa upendo, na kuigusa dhamiri ilikuwa kazi ya Roho Mtakatifu (Yn 16:8).

Jirani anayeishi na mwenzake bila ndoa anakuuliza kanisa lako linafundisha nini juu ya jambo hilo. Utaanzia wapi? Je, kuna jambo katika maisha yako ambalo lingemfanya asiyaamini maneno yako?