Mifupa Inapopingana na Maelezo

Mwaka 1946 daktari wa eksirei wa Marekani, John Caffey, alitoa taarifa ya watoto wachanga sita waliokuwa na damu iliyovia juu ya ubongo. Katika mifupa mirefu ya mikono na miguu yao alihesabu mivunjiko 23. Lakini hakuna ajali iliyoelezwa ambayo ingeweza kuisababisha. Mwaka 1962 Henry Kempe na wenzake walieleza wazi kwamba watoto wa namna hiyo huwa wamepigwa, mara nyingi na walezi wao wenyewe.

Mfupa ni kiungo hai. Ukivunjika, mwili huunda mfupa mpya kuzunguka jeraha. Kwa mtoto mchanga mfupa huo huanza kuonekana katika picha ya eksirei baada ya siku 7 hadi 14 hivi. Kwa hiyo, mtoto anayesemekana kuanguka jana, naye ana mvunjiko uliokwisha kuanza kuunga, hakuumia jana tu.

Daktari huzingatia mambo matatu. Kwanza, umri: mtoto asiyeweza kutembea ni nadra kuvunjika paja kwa bahati mbaya. Pili, mbavu: zikivunjika karibu na uti wa mgongo, yawezekana kifua kilibanwa kwa nguvu na mikono ya mtu mzima. Tatu, miisho ya mifupa mirefu: vipande vidogo hubanduka karibu na gegedu ya ukuaji endapo kiungo kimevutwa au kusokotwa.

Hata hivyo, dalili moja haitoshi kumtia mtu hatiani. Matege yatokanayo na upungufu wa vitamini D, na ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha mifupa, huweza pia kuleta mivunjiko. Ndiyo sababu daktari hupima damu, hupiga picha za mifupa yote, kisha hulinganisha matokeo na maelezo ya walezi.

Mwalimu hana eksirei, wala si kazi yake kuhukumu. Lakini aonapo mwanafunzi mwenye majeraha ya mara kwa mara na maelezo yanayobadilika, anapaswa kutoa taarifa. Nchini Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa wajibu huo kila mwanajamii. Mfupa uliovunjika huunga. Lakini mtoto akirudishwa kwenye mikono ileile bila uchunguzi, jeraha linalofuata huenda likawa la kichwani.