MGUU NCHI KAVU, KAFI MAJINI: Jinsi ya Kupanga Safari ya Siku Kadhaa

Wahenga walinena kuwa maji usiyoyafika hujui kina chake. Mwaka huu, wapenzi wasomaji wa jarida letu, nimeona tuutumie msemo huo si kwa kuutungia insha kama tulivyozoea, bali kwa kuuweka kwenye ramani. Somo langu ni safari ya siku kadhaa ambayo msafiri huenda kwa miguu au kwa baiskeli, na akifika mtoni hutoa mashua kwenye shanta, huijaza upepo, hupakia kila kitu na kuendelea na safari kwa maji. Akitoka majini, mashua hukunjwa na kurudi mgongoni. Msiseme ni hadithi za Abunuwasi. Ngojeni kidogo.

CHOMBO CHENYEWE

Mashua hii hutengenezwa kwa kitambaa cha nailoni kilichopakwa plastiki. Uzito wake ni kama kilo 2 hadi 4, na ikikunjwa hutoshana na blanketi iliyoviringishwa. Hubeba mtu mmoja na mzigo wake. Haihitaji pampu, kwani hujazwa kwa mfuko mwepesi ambao hunasa hewa kisha hukamuliwa ndani ya mashua. Chombo cha kuiendeshea ni kafi wala si kasia. Tusivichanganye, jamani! Kasia huegemezwa ubavuni mwa chombo, ilhali kafi hushikwa mikononi tu.

Chombo hiki kilijipatia sifa huko Alaska, Marekani. Mnamo mwaka 1982 palifanyika mbio za nyikani kutoka Hope hadi Homer. Mmoja wa washindani alikuwa Dick Griffith, aliyekuwa amepita umri wa miaka 50. Kumbe mzee alikuwa amebeba kimashua kidogo shantani! Vijana walipokuwa wakiukodolea macho mto, yeye alikipuliza, akapanda, akavuka zake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Sheri Tingey, mama mmoja wa Alaska aliyekuwa na ufundi wa kushona, alianza kutengeneza mashua zilizo imara zaidi baada ya mwanawe kumwomba. Hapo ndipo safari za aina hii zilipoanza kuenea.

KANUNI MOJA KUU

Nimeisoma mipango ya safari hizi kwa makini, na naona yote yasimama juu ya kanuni moja: panga kuanzia mahali utakapotokea mtoni, urudi nyuma hadi nyumbani. Kwa nini? Kwa sababu nchi kavu husamehe. Ukichoka unakaa, ukipotea unarudi ulikotoka. Mto hauna huruma hiyo. Ukishauingia, mkondo unakuchukua upende usipende, na kuta za korongo zikikubana pande zote mbili, basi huna pa kutokea. Kwa hivyo kabla ya kuuliza "tutaanzia wapi?" uliza "mlango wa mwisho wa kutokea uko wapi, na tutautambuaje tukiwa majini?"

MFANO: KUTOKA HOPE HADI MTO KENAI

Tuchukue mfano wa kweli katika rasi ya Kenai, Alaska. (Naam, Kenai, si Kenya!) Kutoka Hope kuna njia ya miguu iitwayo Resurrection Pass Trail, yenye urefu wa kilomita 62 hivi, inayopanda mlima na kuteremka hadi karibu na kijiji cha Cooper Landing. Hapo unapita Mto Kenai, unaotoka Kenai Lake. Msafiri hurudi kwa barabara kilomita chache hadi darajani, akajaza mashua yake, akateremka na mto.

Tukifuata kanuni yetu, twaanza na mwisho. Mlango wa kutokea ni Jim's Landing, kama kilomita 20 chini ya daraja. Ukiupita mlango huo, unaingia katika korongo lenye maji makali zaidi, na korongo linakutupa katika Skilak Lake, ziwa linalojulikana kwa pepo za ghafla na mawimbi makubwa. Maji ya mito hupimwa kwa madaraja 1 hadi 6. Sehemu ya juu ya mto huu ni daraja la 2. Korongoni ni daraja la 3. Basi mgeni wa kafi aandike kwa wino mwekundu: JIM'S LANDING, TOKA!

Sasa hesabu ya muda. Mwaka 1892 mpanda milima wa Uskoti aitwaye William Naismith alitoa kanuni ambayo hutumika hata leo: hesabu saa 1 kwa kila kilomita 5, kisha ongeza saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Kilomita 62 ni saa 12 na dakika 24. Tuseme kupanda ni mita 600, tuongeze saa 1. Jumla ni saa 13 na dakika 24, bila mapumziko wala uzito wa mzigo. Hiyo si kazi ya siku moja. Igawe kwa siku tatu, na siku ya nne iwe ya mto. Ukienda kilomita 6 kwa saa, kilomita 20 zitakuchukua saa 3 na dakika 20. Ongeza saa 1 ya kujaza mashua na kufunga mizigo, na saa 1 ya kusimama ukingoni kuyachungulia maji kabla ya kuyapita. Tayari ni zaidi ya saa 5!

MZIGO NA BAISKELI

Mashua kilo 3, kafi kilo 1, jaketi ya kuokoa maisha karibu kilo 1. Hizo ni kilo 5 kabla ya hema, chakula na blanketi. Ndiyo maana wasafiri hawa hupima kila kitu kwa mizani. Lakini jaketi na kofia ngumu havipunguzwi kamwe. Afadhali uache sufuria.

Mwenye baiskeli hutoa magurudumu na pedeli, huviringisha kitambaa kwenye mnyororo na kila chenye ncha, kisha huifunga baiskeli juu ya omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo. Mashua huwa nzito na ngumu kugeuza, kwa hivyo mto wa baiskeli sharti uwe mtulivu kuliko mto wa mwenda kwa miguu. Kamba zisibaki zikining'inia, maana zinaweza kumnasa mtu miguu. Wala usijifunge mwenyewe kwenye mashua!

MAMBO YANAYOUA

La kwanza ni baridi. Mto Kenai hutokana na barafu ya milimani, na maji hayo huinyang'anya mikono nguvu kwa dakika chache. Vaa kwa kuyafikiria maji, usidanganywe na jua. La pili ni mti ulioangukia mtoni. Maji hupenya katika matawi, mtu hapenyi. La tatu ni kusimama katika maji yaendayo kasi. Mguu ukinaswa kati ya mawe, mkondo hukulaza kifudifudi. Ukianguka, lala chali, miguu ikitangulia, ujisogeze kuelekea ukingoni.

Je, na kwetu Kenya? Hatuna barafu mitoni, lakini Mto Tana una mabwawa matano, kuanzia Masinga hadi Kiambere, na una mamba na viboko. Mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba hubadilisha mto usiku mmoja. Kwa hivyo, wenzangu mnaopenda kuchukua tyubu za lori na kujitosa mtoni wakati wa likizo, nawaomba kwa hisani yenu: tyubu si mashua. Anayetaka kujifunza aende na waelekezi wenye ujuzi, kama wale wanaoongoza wageni katika maji makali ya Sagana.

Mwisho, mwachie mtu wa nyumbani karatasi yenye njia, mlango wa kutokea na saa ambayo akikosa habari zenu aanze kuwatafuta. Tezi na omo marejeo ni ngamani.

ZOEZI

Kikundi kinaondoka saa 12:00 asubuhi. Njia ni kilomita 30, kupanda mita 1,200. Mto ni kilomita 18, mwendo ni kilomita 6 kwa saa. Kujaza mashua ni saa 1, kuchungulia maji ni saa 1. Giza huingia saa 12:30 jioni. Je, wafanye nini?

JIBU

Kutembea ni saa 6 na kupanda ni saa 2. Watafika mtoni saa 8:00 mchana. Mashua, kuchungulia na mto ni saa 5. Watatokea saa 1:00 usiku, gizani. Kwa hivyo jibu si kupiga makafi kwa nguvu zaidi. Jibu ni kupiga hema, kupika ugali, kulala, na kuingia majini asubuhi. Aliyeandika jibu hili kabla ya kufunga shanta ameshaielewa safari nzima.