Akiba ya Uthamini Upya: Kuisoma na Kuiandika katika Leja

Hesabu ya mada hii ni ya kutoa tu. Kinachowababaisha wanafunzi ni swali moja: thamani ya kiwanja ikipanda, ardhi inadebitiwa. Je, tunakrediti wapi?

Maana
Uthamini upya ni kubadili thamani ya mali ya kudumu vitabuni ili ilingane na thamani yake ya sasa. Ongezeko huwekwa kwenye Akiba ya Uthamini Upya, ambayo ni sehemu ya haki ya wenye kampuni, pamoja na mtaji. Utaratibu huu umo katika Kiwango cha Kimataifa cha Uhasibu namba 16.

Mfano
Tuseme kampuni inayouza vifaa vya ujenzi ilinunua kiwanja Madale, Kinondoni, kwa Sh. 20,000,000, wakati majirani walikuwa wachache. Nyumba zikaongezeka, bei ikapanda. Tarehe 31 Desemba 2023 mthamini alikikadiria kuwa Sh. 50,000,000.

Ongezeko: 50,000,000 − 20,000,000 = Sh. 30,000,000

Debiti: Ardhi 30,000,000
Krediti: Akiba ya Uthamini Upya 30,000,000

Akaunti ya Ardhi

| Debiti | Sh. | Krediti | Sh. |
|---|---|---|---|
| Salio kuletwa | 20,000,000 | Salio kupelekwa | 50,000,000 |
| Akiba ya Uthamini Upya | 30,000,000 | | |
| Jumla | 50,000,000 | Jumla | 50,000,000 |

Akaunti ya Akiba ya Uthamini Upya

| Debiti | Sh. | Krediti | Sh. |
|---|---|---|---|
| Salio kupelekwa | 30,000,000 | Ardhi | 30,000,000 |

Angalia: ndani ya kila akaunti tunaandika jina la akaunti *nyingine*. Jina hilo humwonyesha msomaji upande wa pili wa muamala ulipo. Ukiandika "Ardhi" ndani ya Akaunti ya Ardhi, umekosea.

Kwa nini isiwe faida ya mwaka?
Kwa sababu kiwanja hakijauzwa na hakuna shilingi iliyoingia benki. Wakurugenzi wakiigawa Sh. 30,000,000 kama gawio, watalipa kwa fedha za kununulia saruji na nondo. Duka litabaki na kiwanja cha thamani na rafu tupu. Akiba hii inawaambia wenye kampuni: mali yenu imepanda thamani, lakini fedha bado hamna.

Thamani ikishuka
Debiti kwanza akiba iliyotokana na mali hiyo hiyo, hadi iishe. Kinachozidi hupelekwa kwenye Akaunti ya Faida na Hasara. Krediti yote huingia Akaunti ya Ardhi.

Jaribu mwenyewe
Tarehe 31 Desemba 2025 kiwanja kile kimethaminiwa Sh. 15,000,000. Andika muamala. Funika jibu kwanza.

Jibu
Upungufu: 50,000,000 − 15,000,000 = Sh. 35,000,000

Debiti: Akiba ya Uthamini Upya 30,000,000
Debiti: Faida na Hasara 5,000,000
Krediti: Ardhi 35,000,000

Ukiipeleka Sh. 35,000,000 yote kwenye Faida na Hasara, urari bado utalingana, lakini jibu si sahihi. Urari hauwezi kukuonyesha kwamba umechagua akaunti isiyo yake. Kwa hiyo, kabla ya kuandika, jiulize: mali hii ina akiba kiasi gani?