Troponini: Protini ya Moyo Inayopimwa Kifua Kinapouma

Mtu akifika hospitali kifua kinambana na jasho jembamba linamtoka, hupimwa umeme wa moyo, kisha damu yake hupelekwa maabara kupimwa troponini. Jibu la kwanza likiwa la kawaida, ndugu hushusha pumzi na kuulizia ruhusa ya kwenda nyumbani. Msiondoke. Damu inatakiwa kupimwa tena, na sababu iko kwenye protini yenyewe.

Moyo hudunda karibu mara 100,000 kwa siku. Katika kila pigo, nyuzi nene za miosini hudaka nyuzi nyembamba za aktini na kuzivuta, msuli ukajikaza. Troponini imekaa juu ya nyuzi hizo nyembamba, nayo ndiyo inayoamua zidakwe lini. Ina sehemu tatu. Troponini T huishikiza kwenye tropomiosini, uzi mrefu unaoziba mahali pa kudakia. Troponini I huzuia. Troponini C hunasa kalsiamu: kalsiamu ikifurika ndani ya seli, C huinasa, I huachia, na tropomiosini husogezwa kando kama komeo la mlango. Kalsiamu ikiondolewa, komeo hurudi, moyo hulegea na kujaa damu.

Kulegea huko watu hukusahau, ilhali moyo usiolegea vizuri hauna damu ya kutosha ya kusukuma. Troponini I ya moyo ina kipande cha ziada ambacho ile ya misuli ya mikono na miguu haina. Unapokimbia au kushtuka, adrenalini hufanya kipande hicho kipachikwe fosfeti, nayo C huiachia kalsiamu upesi zaidi, ili moyo unaokwenda mbio upate wasaa wa kujaa. Naona huu ni ufundi wa ajabu.

Kwa kuwa troponini I na T za moyo zina umbo la pekee, maabara huweza kuzitambua katika damu. Mshipa wa moyo ukiziba, seli hufa na troponini huvuja. Lakini huvuja taratibu: kwa vipimo vya kawaida huanza kuonekana baada ya saa 3 hadi 4, kisha hubaki kwa wiki moja au zaidi. Aliyewahi sana hospitali anaweza kupata jibu zuri huku moyo unaumia. Kwa hiyo mwambie daktari maumivu yalianza saa ngapi, na kama una ugonjwa wa figo, maana figo dhaifu, uvimbe wa msuli wa moyo au damu iliyoganda mapafuni pia huipandisha. Daktari huangalia kama kiwango kinapanda au kinashuka.

Mshipa wa moyo ukiziba, wanawake, wazee na wenye kisukari wakati mwingine husikia uchovu, kichefuchefu au maumivu ya chembe tu, wakameza dawa za vidonda vya tumbo na kulala. Nendeni hospitali usiku huohuo. Kipimo cha umeme wa moyo kikionyesha wazi kwamba mshipa umeziba, matibabu huanza bila kusubiri jibu la troponini.