Mzigo, Bega na Meza ya Kazi

Mtu akisikia habari ya kuchagua vyombo vya kazi, aghalabu hufikiri viwanda vya Ulaya. Lakini hapa Unyamwezi elimu hiyo ilikuwako tangu zamani, ila haikuwa na jina. Jina lenyewe, ergonomi, lilitungwa mwaka 1857 na mwalimu wa Kipolandi, Wojciech Jastrzębowski, kwa maneno mawili ya Kiyunani, moja maana yake kazi na la pili kanuni. Mwaka huo huo, mwezi wa Novemba, Burton na Speke waliingia Kaze, ndiyo Tabora yetu, mali yao ikiwa mabegani mwa wapagazi. Shabaha ya ergonomi ni kukifanya chombo kimfae mtu, wala si kumkunja mtu akifae chombo.

Toka Bagamoyo hata Tabora ni zaidi ya kilomita 800, na msafara wenye mizigo ulikwenda kwa miezi mitatu hivi. Kwa kawaida mpagazi alichukua kama frasila mbili, yaani ratili 70, kilo 32 za leo. Tazameni jinsi mzigo wa nguo ulivyofungwa. Majora yalikazwa hata yakawa kama mto mrefu, yakafungwa pamoja na miti mitatu au minne iliyotokeza upande mmoja na kuwa na panda. Panda hizo zilikuwa na kazi kubwa. Mpagazi akitaka kupumzika aliusimamisha mzigo, akauegemeza kwenye mti au ukuta wa nyumba. Na akitaka kuondoka alitia bega chini yake akainuka nao. Hakulazimika kuinama mpaka chini na kuunyanyua mzigo kwa kiuno, na hapo ndipo migongo mingi huharibika. Nyaya za shaba nazo zilitundikwa kwenye ncha mbili za mti, kama mzegazega wa maji, ili uzito ulingane mbele na nyuma.

Sasa mtazameni Stanley, mwaka 1871. Alitengenezesha gari dogo la kukokotwa na punda, akihesabu kwamba litafanya kazi ya wapagazi wanne. Hesabu ilikuwa nzuri, lakini njia ilikuwa ya mguu mmoja, nyembamba, yenye matope. Kule Makata mtu wake mmoja alionekana amejitwika gari zima kichwani, magurudumu na yote, kwa kuwa kulibeba kulikuwa rahisi kuliko kulikokota! Stanley akaamuru litupwe. Nadhani kila anayetaka kununua mashine kwa kuona picha yake tu angefaa kusimuliwa habari hii.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na upagazi wa njia ile kuu ukafifia. Hata hivyo wachukuzi wetu wa sokoni leo hubeba gunia la lumbesa linalopita kilo 100, mara tatu ya mzigo wa msafara. Ni kweli mwendo wao ni mfupi, lakini uti wa mgongo hauulizi ni hatua ngapi. Shirika la Kazi la Kimataifa lilipendekeza mwaka 1967 kwamba mwanamume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55. Wataalamu wa Marekani, katika hesabu yao ya mwaka 1991, walianzia kilo 23 tu kwa kunyanyua kwa mikono, tena mzigo ukiwa karibu na mwili na si wa kunyanyuliwa kutoka chini.

Wako watakaosema kwamba sisi tumezoea. Na kweli, mwaka 1986 wataalamu waliwapima wanawake wa Kijaluo na wa Kikuyu, wakaona kwamba waweza kuchukua mzigo hata wa sehemu moja ya tano ya uzito wao bila kutumia nguvu za ziada katika kutembea. Lakini mtu wa kilo 60, sehemu yake ya tano ni kilo 12. Lumbesa haimo.

Wazazi wengi wa wanafunzi wenzangu wana mashine za kusaga, cherehani, au karakana za kuchonga mninga, nasi wengine mwakani tutakwenda kufanya kazi humo. Kwa hiyo nawaomba jambo moja kabla ya kununua meza au mashine: mpimeni atakayeitumia. Asimame wima na viatu vyake, akunje mkono, mpime toka chini hata kiwikoni. Kazi ya nguvu, kama kupiga randa, yataka meza iliyo chini ya kiwiko kwa sentimita 15 hata 40, ili uzito wa mwili usaidie mikono. Kazi nyepesi yataka meza iliyo chini ya kiwiko kidogo tu. Kazi ya macho, kama kutengeneza saa, yataka ipande juu ya kiwiko sentimita 5 hata 10, mtu asiinamishe shingo kutwa.

Tuseme kiwiko cha seremala ni sentimita 105. Basi meza yake ya randa na iwe ya 80 hivi. Mwenzake mrefu akija, miguu ya meza iongezwe vipande vya mti; mfupi akija, awekewe ubao mpana wa kusimamia, usiotikisika. Gharama yake ni mbao za mabaki na misumari, na fundi huvimaliza kabla ya adhuhuri.