Bei ya Pevingi Si Bei ya Njia ya Gari

Ukiuliza bei ya pevingi utajibiwa kwa mita ya mraba. Muuzaji wa kando ya barabara atakutajia bei ya vitofali, fundi atakutajia ya kutandaza, nawe utazidisha kwa ukubwa wa uwanja wako na kuona hesabu imekamilika. Kazi ikianza, simu nazo zinaanza: moramu haijatosha, udongo uliochimbwa hauna pa kwenda, kompakta, yaani mashine ya kushindilia, inakodishwa kwa siku na siku zimeongezeka. Wengi hukwama hapo, na kinachopunguzwa ili pesa itoshe ni kile kisichoonekana, yaani msingi. Masika ikiingia matairi yanachimba mifereji miwili kutoka getini hadi kwenye maegesho, na kazi nzima inafumuliwa na kulipiwa upya.

Hasara hiyo inazuilika. Anayejenga Goba, Kigamboni, Nyegezi au Dodoma anaweza kukaa na fundi akiwa tayari na hesabu yake mwenyewe. Haihitaji uhandisi, inahitaji futi kamba, kalamu na kuzidisha.

Tuchukue nyumba ya kawaida. Kutoka getini hadi mbele ya nyumba ni mita 12, na njia ina upana wa mita 3. Mwishoni kuna maegesho ya mita 6 kwa 4. Njia ni mita za mraba 36, maegesho 24, jumla 60. Kitofali cha mstatili chenye urefu wa sentimita 20 na upana wa 10 huingia 50 katika kila mita ya mraba, hivyo unahitaji 3,000. Ongeza asilimia 5 ya vile vitakavyokatwa pembeni na vitakavyovunjika, upate 3,150. Kitofali cha unene wa sentimita 6 kina uzito wa karibu kilo 2.8, kwa hiyo mzigo wote unakaribia tani 9. Hapo umeshajua ni lori gani la kuagiza, na ukiambiwa usafiri ni tripu nne za lori la tani 7 utakuwa na swali la kuuliza.

Sasa shuka chini. Msingi wa moramu wa sentimita 15, mchanga wa sentimita 4 na kitofali cha sentimita 6 vinafanya sentimita 25 za kuchimbwa. Kwa mita za mraba 60 hiyo ni mita za ujazo 15 za udongo, nao ukishachimbwa unaumuka, kwa hiyo kifusi cha kuondoa kinaweza kufika 18 au 20. Moramu iliyoshindiliwa ni mita za ujazo 9, lakini moramu ya kwenye lori bado ni tifutifu, basi agiza 12 hivi. Mchanga ni kama 3 pamoja na ule wa kujaza mianya. Mawe ya ukingo, ukizunguka njia na maegesho na mdomo wa geti, ni mita 44.

Tutie bei za mfano, kwa ajili ya kuonyesha hesabu tu. Wewe utabandika za mtaani kwako. Vitofali vifike kwa shilingi 20,000 kwa mita ya mraba: pamoja na ile nyongeza ya asilimia 5, ni 1,260,000. Moramu 300,000. Mchanga 120,000. Kuchimba na kuondoa kifusi 400,000. Kompakta kwa siku mbili 120,000. Mawe ya ukingo 264,000, na zege la kuyashika 150,000. Fundi wa kutandaza kwa 6,000 kwa mita ya mraba, 360,000. Jumla ni 2,974,000. Gawanya kwa 60 na utapata karibu 49,600 kwa mita ya mraba. Ulianza na elfu ishirini kichwani, na sasa vitofali vyenyewe ni kama asilimia 42 tu ya gharama yote. Bei zako zitatofautiana na hizi, lakini ukiandika kila kipengele kwenye mstari wake utaona pesa inakoelekea, na ukilazimika kupunguza utajua unapunguza nini.

Ushauri wangu ni kwamba kama lazima upunguze, punguza eneo. Usiguse kina.

Chini ya kitofali

Kitofali hakibebi gari. Kinapokea uzito na kuushusha kwenye mchanga, mchanga unaupeleka kwenye moramu, na moramu inautawanya kwenye udongo. Tabaka moja likiwa legevu, lililo juu yake linafuata. Ndiyo maana swali la kwanza ni la udongo wako. Udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaopasuka kiangazi na kuvimba masika, unaopatikana sehemu za Shinyanga na Dodoma, haufai kabisa kukaa karibu na uso wa njia. Uchimbwe zaidi, hata sentimita 30 na kuendelea, ujazwe moramu. Udongo wa kichanga kama wa Kigamboni hauvimbi, ila unakimbia pembeni, kwa hiyo pesa yako iende kwenye ukingo imara. Kwenye miinuko ya Goba na Kimara adui ni maji yanayoteremka kwa kasi na kula udongo chini ya pevingi.

Moramu ishindiliwe ikiwa na unyevu, kwa matabaka yasiyozidi sentimita 15. Ikikauka kabisa haishikani, na ikilowa chapachapa inacheza kama uji. Kabla ya kuruhusu mchanga kumwagwa, pita mwenyewe ukikanyaga kwa kisigino. Kikiacha shimo, mashine irudi.

Mchanga wa juu ya moramu ni wa sentimita 3 hadi 5. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibiwa, kwa sababu ni rahisi kufukia mabonde ya moramu kwa mchanga kuliko kuyasawazisha. Siku ya kukabidhiwa kila kitu kimenyooka. Baada ya mvua chache, penye mchanga wa sentimita 10 panazama na penye 3 panabaki. Chukua rula, chomeka sehemu kadhaa kabla ya vitofali kupangwa. Fundi mzuri hatachukia ukimpima.

Maji

Mvua ya milimita 50, ambayo Dar es Salaam huiona zaidi ya mara moja katika msimu, inamwaga lita 3,000 juu ya mita zetu za mraba 60. Hayo ni matangi matatu ya lita 1,000, yote yakitafuta njia ya kutoka. Uso wa pevingi uwe na mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita, ukielekea mbali na nyumba. Kwa njia yenye upana wa mita 3, upande mmoja unakuwa chini ya mwingine kwa sentimita 6, kiasi ambacho jicho halikitambui kirahisi lakini maji yanakifuata. Yasikusanyike kwenye kuta za nyumba, na yasielekezwe kwa jirani, maana kesi za maji ya mvua huvunja ujirani wa miaka mingi. Yapeleke kwenye mtaro, bustani au shimo la kunyonya lililojazwa mawe.

Kabla ya kushindilia chochote, pitisha mabomba. Bomba la maji safi, la maji taka, na bomba tupu la plastiki la kupitishia nyaya za taa za geti au kamera siku zijazo. Kipande cha bomba tupu ni gharama ndogo sana ukilinganisha na kufumua njia iliyokamilika.

Kuchagua kitofali

Kwa gari dogo la familia, unene wa sentimita 6 juu ya msingi mzuri unatosha. Kama lori la maji taka au la kuleta maji litakuwa linaingia, nunua vya sentimita 8, hasa karibu na geti na kwenye kona ambako magurudumu yanageuka. Mpangilio wa mfupa wa samaki, ambao kila kitofali kinakabili kingine kwa pembe, unashikana vizuri zaidi gari linapokata kona au kushika breki kuliko mistari iliyonyooka.

Rangi na kung'aa visikuvute haraka. Vitofali vinavyomwagwa kwenye fomu za plastiki hutoka na uso laini unaopendeza, lakini uso huo huteleza ukilowa, na ubora wake unategemea zege lilichanganywaje. Vya mashine ya mtetemo hutoka vikavu na vyenye chembechembe. Chagua vitano katikati ya rundo, si vile vilivyopangwa mbele kwa maonyesho. Gonganisha viwili: vizuri vinalia kwa mlio mkali, vibaya vinatoa sauti ya bubu. Kwaruza kwa msumari uone kama unga unatoka. Vunja kimoja uangalie kama kokoto zimesambaa hadi katikati. Kipime kingine kikiwa kikavu, kiloweke kwenye ndoo usiku na mchana, kipime tena. Kiwango kinachotumika Ulaya kwa vitofali vya nje kinaweka ukomo wa kunywa maji kwenye asilimia 6 ya uzito, yaani kama gramu 168 kwa kitofali cha kilo 2.8. Kinachokunywa zaidi ya hapo kina matundu mengi, na kitachakaa mapema.

Uliza pia vilitengenezwa lini. Zege hufikia nguvu yake iliyokusudiwa kwa kama siku 28, likitunzwa kwa maji siku za mwanzo. Kitofali cha juzi kikipakiwa leo kinafika kwako kingali kichanga, na pembe zake zitamomonyoka kwenye lori.

Kama pesa haifiki

Zege la kumwagwa ni njia nyingine. Mita zetu za mraba 60 kwa unene wa sentimita 10 ni mita za ujazo 6, na kwa mchanganyiko wa saruji moja, mchanga mbili, kokoto tatu, zitakula mifuko kama 45 ya kilo 50, pamoja na wavu wa chuma. Msingi wa moramu unabaki palepale. Zege likatwe maungio kila mita 3 hivi ili nyufa zifuate mstari uliopangwa, limwagiliwe maji angalau siku saba, na gari lisiingie kabla ya hapo. Ubaya wake ni siku bomba likipasuka chini: pevingi inafunguliwa na kurudishwa, zege linavunjwa.

Kokoto tupu ni nafuu zaidi mahali tambarare penye ukingo. Kwenye mteremko zitahamia barabarani mvua ya kwanza. Lami kwa eneo dogo kama hili mara nyingi hailipi, kwa kuwa gharama ya kuleta mitambo ni ileile kwa uwanja mdogo na mkubwa.

Njia ninayoipenda kwa mtu mwenye bajeti finyu ni mistari miwili ya matairi. Kila mmoja uwe na upana wa sentimita 60 na katikati uache nafasi ya sentimita 90 yenye nyasi au kokoto. Kwa mita 12 hiyo ni mita za mraba 14.4 badala ya 36. Unabaki na msingi kamili na vitofali vizuri, na maji yanapata pa kuzamia. Pesa ikija, unajaza katikati. Pima kwanza umbali kati ya matairi ya gari lako ili mistari ikae sawasawa.

Nje ya geti

Beikoni zako ndizo mpaka wako. Kati ya geti na barabara mara nyingi ni hifadhi ya barabara, ambayo kwa barabara kuu na za mikoa iko chini ya TANROADS na kwa za wilaya na mitaa iko chini ya TARURA. Ukipanga pevingi hapo bila idhini, inaweza kuondolewa siku barabara inapopanuliwa, na usitegemee fidia. Kama kuna mtaro mbele ya geti, kivuko chake kiombewe ruhusa na kalavati liwe na ukubwa utakaoelekezwa na mamlaka hizo. Bomba jembamba lililofukiwa kwa haraka huziba, na maji ya mtaa mzima yanaingia kwa jirani.

Kwenye makubaliano, hata na fundi mnayefahamiana, andikeni kina cha kuchimba, unene wa moramu baada ya kushindiliwa, unene wa kitofali, urefu wa ukingo, nani anaondoa kifusi, na kama bei ina VAT, ambayo kiwango chake cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18. Dai risiti ya EFD kwa vifaa. Malipo yaende kwa hatua: msingi ukaguliwe ndipo pesa ya kutandaza itoke. Asilimia 10 ibaki mkononi mwako, kwa makubaliano ya mapema na si kwa kumshtukiza fundi, hadi mvua kubwa ya kwanza ipite. Kwa Dar es Salaam, kazi ikifanywa Januari au Februari hutasubiri sana, kwa kuwa masika huanza Machi, na udongo wakati huo bado ni mkavu kiasi cha kushindilika vizuri.

Baada ya wiki chache mchanga wa kwenye mianya utakuwa umeshuka. Mwaga mwingine, mkavu na laini, ufagie uingie, kwa sababu mianya ikiwa mitupu vitofali vinaanza kucheza. Vitofali 30 au 40 vilivyobaki vihifadhi nyuma ya nyumba. Mtengenezaji anaweza kubadilisha fomu au rangi, na siku bomba litakapohitaji kufukuliwa utakuwa na vya kuzibia vinavyofanana na vyako.